Watoto wamjue baba yao: jibu kwa dada aliyefiwa na mume ghafla

Pole sana dada. Umesema mumeo katutoka ghafla akiwa na miaka 33, mkubwa wenu ana minne, na wazee wanakukataza kumtaja marehemu mbele ya watoto. Mimi naongea kama ba'mdogo. Kaka yangu alifariki Tanga mwaka 2015, umri huohuo. Alfajiri alilalamika kichwa, kabla ya adhuhuri hayupo. Hospitali walisema presha, mshipa umepasuka kichwani. Alasiri tukazika.

Hilo la kutomtaja usilikubali. Kwetu bibi mmoja alimwambia binti wa marehemu kuwa baba kasafiri. Mtoto wa umri ule neno analichukua lilivyo: kila bajaji ikisimama nje anachungulia, mama akishika kikapu cha sokoni ni kilio. Shemeji, akiwa bado yumo kwenye eda, akamkalisha na kumwambia waziwazi: baba amekufa, haumwi tena, amezikwa, harudi. Mtoto aliuliza tena na tena, akajibiwa vilevile. Bajaji zikaacha kumhangaisha.

Simu yake isiuzwe wala isirithiwe na mtu kabla hujatoa sauti zote. Kaka alikuwa fundi friji, mvivu wa kuandika, kila kitu anarekodi. Hotuba yake ya harusi ipo na hakuna anayeiulizia. Kinachosikilizwa ni ule ujumbe alioutuma kwa kijana wake wa kazi: "Kompresa usiiguse, we zima tu, halafu niombee maji kwa mwenye nyumba, nakuja na kiu ya kufa mtu." Binti anaucheka mpaka leo, na akitaka maji nyumbani anaomba kwa maneno hayo. Hifadhi sehemu mbili. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni huifunga, na namba huweza kupewa mwingine.

Nguo nazo, kama kwenu zinagawiwa baada ya arobaini, toa chako kabla ya kikao. Kanzu ya Idi iende, sisi tulibakiza ovaroli.

Halafu watafute wenzake wa kazini na kijiweni sasa hivi, kabla hawajatawanyika. Ukoo utakupa sifa: mpole, mcha Mungu, hakugombana na mtu. (Kaka? Aligombana sana tu.) Wa kijiweni ndio walionipa mtu mwenyewe: hakubali kufungwa bao, ana deni la chai kila mwisho wa mwezi, na ubingwa wa Coastal Union wa 1988 anausimulia kana kwamba alikuwa benchi na kocha, wakati alikuwa na miaka sita. Mwanawe mdogo alizaliwa baada ya msiba. Hizo ndizo hadithi anazozidai kwangu, za upole hataki.

Mirathi siingii, ila cheti cha kifo cha RITA kishughulikie mapema. Benki, mafao ya NSSF, mahakama, wote wataanzia hapo.

Na kama chanzo kilikuwa presha, ndugu zake wapime. Sisi tulipima matanga yalipoisha; yangu ilikuwa juu na sikuwa nahisi chochote, vidonge nameza mpaka leo. Watoto wakikua waambie na hilo, ili wakiulizwa hospitali kama kwao kuna presha wawe na jibu.