Tafiti sawa, lakini huo uhamasishaji!

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Ukumbini palitundikwa bango, 'Serikali yahamasisha tafiti za kisayansi'. Mwalimu wetu wa sekondari alitukataza kusema tafiti. Je, ni kosa?"

Si kosa. Utenzi huwa tenzi, ukuta huwa kuta. Utafiti nao ukihesabika uwe tafiti. Mwenye ripoti tatu mezani ana tafiti tatu. Akisema kazi yenyewe kwa jumla, abaki na utafiti. Ile "tafiti mbalimbali zinaonyesha" ya watu wasiosoma hata mmoja naivumilia kwa sababu ya uchovu tu.

Ila wewe, ndugu yangu, umeona kifungo kilicholegea ukaacha shati linaloungua. Tatizo la bango lile ni yahamasisha.

Hamasa tumeipata kwa Waarabu, na kwao ni ushujaa, ni joto la moyo. Basi wa kuhamasishwa sharti awe na moyo. Msemaji wa klabu ya mpira huhamasisha mashabiki wajaze uwanja, na kazi hiyo anaijua. Utafiti utauhamasishaje? Utaupigia vuvuzela?

Chukua korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata zaidi ya tani 140,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei mbaya ilichangia, na watu kuhamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Kisha kulikuwa na ubwiriunga, ukungu unaoyapaka maua unga mweupe hadi yakauke bila kushika tunda. Pale Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, serikali ilikuwa na kituo cha utafiti. Watafiti wakajaribu salfa ya unga, wakapima ipulizwe lini na mara ngapi, wakateua mikorosho yenye kustahimili, wakabebesha miche kwa kuiunga na vitawi vyake, wakangoja. Mkorosho hauna haraka. Sasa niambie, katika hayo yote kilihamasishwa nini? Ukungu? Watu waliajiriwa, shamba likatengwa, salfa ikanunuliwa, fedha nyingine zikaombwa kwa wahisani. Kila kitenzi hapo kina stakabadhi yake. Kuhamasisha hakuhitaji hata kifungu cha bajeti, ndiyo maana kunapendwa.

Niliwahi kualikwa kwenye warsha moja ya uhamasishaji. Kofia, fulana, na kisahani cha korosho mbele ya kila mtu. Mgeni rasmi alihamasisha mara kumi na moja. Nilikuwa napiga vistari pembeni mwa daftari. Mtafiti aliyeketi karibu nami akatafuna korosho yake taratibu, akaninong'oneza kwamba jokofu lao la kuhifadhia sampuli limekufa tangu Ramadhani.

Zamani tulikuwa wakavu zaidi wa maneno. Baraza la taifa la utafiti wa kisayansi lililoundwa mwaka 1968 lilijulikana kwa neno moja, UTAFITI, kabla ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kushika nafasi yake kwa sheria ya mwaka 1986. Hata wakuu wa Umoja wa Afrika, ambao hawajulikani kwa ufupi wa maneno, walipokubaliana kuhusu utafiti walisema nchi zitenge asilimia 1 ya pato la taifa. Zitenge! Kitenzi hicho unaweza kukidai.

Kwa hiyo bango liseme "Serikali yagharamia tafiti za kisayansi", iwapo inagharamia. Yafadhili siitaki: fadhila hutoka mfukoni mwa mtu, na kodi ni yetu. Kama haigharamii, waandike yahimiza. Kuhimiza ni kazi ya mdomo na hakujifichi. Na kama mchora mabango amekwisha kuchora yahamasisha na rangi imekauka, basi afute tafiti aweke watafiti. Hao angalau wana mioyo ya kuhamasika, mshahara ukiingia.