Nikicheka, presha inapanda au inashuka?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 44, msimamizi wa ghala, na ninatumia dawa ya presha kwa mwaka mmoja sasa. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki nikiwa na mwenzangu wa kazini. Nikiwa napimwa akanitania, nikacheka hadi machozi, na mashine ikaonesha 158 kwa 97. Muuguzi akaniambia nikae kimya, akarudia baada ya dakika kumi, ikawa 136 kwa 86. Siku zote nasikia kwamba kicheko ni dawa na kinashusha presha. Sasa lipi ni kweli? Na nikijizoeza kucheka kila siku, ninaweza kuacha vidonge? La mwisho, sijui kama linahusiana: zamani mimi ndiye niliyekuwa nachekesha watu kazini. Siku hizi nikitania, wenzangu wananuna, na mke wangu anasema nimekuwa na maneno makali. Nafanya kazi saa 11 kwa siku, siku sita kwa wiki.

JIBU: Marahaba. Umeuliza mambo matatu, na hilo ulilolitaja mwisho kwa kusitasita ndilo lililonifanya nikae chini nikujibu kwa urefu. Lakini tuanze na mashine, maana namba zikishamtia mtu hofu hasikii kingine.

Namba zote mbili ni za kweli. Ukicheka kwelikweli, kile kicheko cha mbavu sina, mwili unafanya kazi ngumu. Kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na misuli iliyo katikati ya mbavu, hubana na kuachia harakaharaka na kuikata pumzi inayotoka vipande vipande, kama vitano kwa sekunde. Hizo ndizo "ha ha ha" tunazosikia. Hewa inatoka nyingi kuliko inayoingia, ndiyo maana mtu hufika mahali akashika ubavu na kuwaomba wenzake wanyamaze. Msukumo ndani ya kifua unaongezeka, mapigo ya moyo yanaenda mbio, presha inapanda. Mkanda ukiwa mkononi wakati huo utaonesha hicho hicho. Hata kuongea tu wakati wa kupimwa kunaweza kuongeza pointi kumi au zaidi kwenye namba ya juu. Kicheko kikiisha misuli inalegea, mapigo yanatulia na presha inashuka, pengine ikafika chini kidogo ya pale ilipoanzia, kwa muda mfupi. Kwa hiyo kinapandisha, kisha kinashusha.

Ila hiyo 136 kwa 86 usiipe kicheko sifa zote. Ulikaa kimya dakika kumi, na utulivu peke yake ungetosha kuileta. Muuguzi wako alifanya jambo la maana sana kurudia kipimo, na ningependa kila mwenye presha aijue njia hiyo: keti kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili iguse chini bila kupishana, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, uwe umekwenda haja ndogo, usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Tulia dakika tano ndipo mkanda ufungwe, tena kwenye ngozi, si juu ya shati. Na wakati unajaa upepo, hakuna mazungumzo. Nimeona watu wakiongezewa dawa kwa sababu ya namba iliyopimwa huku wanasimulia habari za watoto wao.

Kuhusu kuacha vidonge, jibu langu ni hapana, na nalisema bila kuzunguka. Upo ushahidi kwamba kicheko kinanufaisha mishipa ya damu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walitangaza matokeo yao: waliwaonesha watu 20 filamu za kuchekesha na filamu za kutia wasiwasi, wakapima jinsi mshipa mkubwa wa mkono unavyotanuka. Baada ya kicheko ulitanuka vizuri zaidi, baada ya wasiwasi ukabana. Habari njema, lakini ni watu 20, na ni muda mfupi baada ya filamu. Kidonge chako kinafanya kazi usiku kucha wakati umelala na huna cha kucheka. Tena zipo dawa za presha ambazo ukizikatiza ghafla, presha au mapigo ya moyo huruka juu kwa namna ya hatari. Kama unaona dawa inakuchosha au inakuletea kikohozi au kizunguzungu, mwambie daktari wako akubadilishie. Dawa za presha ni nyingi.

Mahali ambapo mimi mwenyewe nimeiona nguvu ya kicheko ni kwenye maumivu. Mwaka 2012 kundi la mtafiti Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, lilionesha kwamba watu waliocheka pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko kabla ya kucheka, na moja ya njia walizotumia kuyapima ni mkanda wa presha uliokazwa mkononi. Maelezo yao ni kwamba ile kazi ya misuli huamsha endofini, kemikali ambazo ubongo wenyewe hutengeneza kutuliza maumivu. Wodini tunayajua haya kwa njia nyingine. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo tunampa mto mdogo aubane juu ya mshono kila anapotaka kukohoa. Namkumbuka mama mmoja aliyeugeuza mto ule kuwa ishara: akiukumbatia tu, wagonjwa wa vitanda vya jirani walijua kuna maneno yanakuja, nao wakaanza kujishika matumbo. Siku ile alitembea hadi dirishani na kurudi, jambo alilokuwa amekataa asubuhi yote. Sikumpunguzia dawa yake ya maumivu kwa sababu ya vicheko, na nisingefanya hivyo. Lakini alitembea.

Wapo wa kuangalia. Mwenye pumu kicheko kinaweza kumwamshia mbano wa kifua, na wachache huzimia kabisa wakicheka sana. Anayecheka bila kutaka, bila kufurahi, na hawezi kujizuia, huyo anahitaji kupimwa ubongo na mishipa ya fahamu. Wewe hukueleza lolote kati ya hayo.

Sasa tuje kwenye utani wako uliobadilika. Umesema hujui kama linahusiana. Kwangu ndilo swali lenyewe.

Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyechunguza vicheko kwa miaka mingi, alikusanya na wenzake matukio 1,200 ya watu kucheka katika maongezi ya kawaida. Sehemu kubwa ya maneno yaliyotangulia kicheko hayakuwa vichekesho hata kidogo. Yalikuwa "haya, tutaonana" na mengine ya aina hiyo. Alikuta pia kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na watu kuliko akiwa peke yake. Tunacheka kwa sababu tuko pamoja na tunajisikia salama. Ndiyo maana sikushauri mazoezi ya kucheka mbele ya kioo. Kicheko kinakuonesha hali ilivyo kati yako na watu wako, na kwako wewe kimeonesha kitu.

Wanasaikolojia, Rod Martin na wenzake mwaka 2003, waliupanga ucheshi katika mafungu manne: ule wa kuwaunganisha watu, ule wa kujipa moyo wakati mambo ni magumu, ule wa kuumiza wengine, na ule wa kujidhalilisha mwenyewe ili upendwe. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote. Ninachokichunguza kwa wagonjwa wangu ni pale mtu anapohama kutoka fungu la kwanza kwenda la tatu bila kujua. Maneno ni yale yale, sauti ni ile ile, ila sasa yanamkata mwenzake.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Nikiwa daktari kijana, katika mwezi ambao sikumbuki kama niliwahi kulala usiku mzima, nilitoa mzaha juu ya mgonjwa mmoja tukiwa tunapokezana zamu. Wenzangu wawili walicheka. Wa tatu, muuguzi aliyenizidi umri, hakucheka. Alinivuta kando akaniuliza, "Umelala lini?" Sikuwa na jibu. Mgonjwa hakusikia, lakini niliposimama kando ya kitanda chake baadaye na kumtazama miguu, ilivyovimba na ngozi yake kung'aa, niliona aibu ambayo sijaisahau. Yule muuguzi alinifundisha kusoma mzaha kama ninavyosoma joto la mwili.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuiona kwa uchungu na dharau, na kujiona huna tena unachokiweza. Limeuita hali itokanayo na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa, halikuuita ugonjwa. Maneno makali uliyoanza kuyatoa yanaangukia kwenye ile dalili ya pili. Sisemi una hali hiyo, sijakuona. Nasema ningekuuliza.

Na ningekuuliza juu ya hizo saa. Kumi na moja mara sita ni 66. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Wewe umevuka 55 na presha unayo tayari. Kama kuna kitu kimoja cha kupeleka kwa mwajiri wako, ni hicho. Najua si rahisi. Anza na siku moja kwa wiki ya kutoka mapema, iandikwe kwenye ratiba, isiwe ahadi ya mdomo.

Muulize pia mke wako kama unakoroma, na kama kuna wakati usingizini pumzi inasimama kisha unashtuka. Kukatika kwa pumzi usingizini hupandisha presha na humfanya mtu mwepesi wa hasira mchana, na kuna matibabu. Na kama kwa wiki mbili au zaidi umekuwa huna raha na chochote, usingizi umeharibika, au umefikiria kwamba ni heri usingekuwepo, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda kesho, ueleze kwa maneno hayo hayo.

Wenzako wanaonuna, waombe radhi mmoja mmoja, si kwa mzaha.

Kabla ya kurudi kliniki, chukua daftari. Kwa siku saba pima presha asubuhi na jioni, mara mbili kila unapopima, ukiacha dakika moja katikati, kwa utaratibu niliokueleza. Pembeni mwa kila kipimo cha asubuhi andika saa uliyotoka kazini jana yake na saa ulizolala. Mpe daktari wako daftari lote, lakini lisome mwenyewe kwanza.