Cloudflare iliniokoa, lakini soma haya kabla hujaiwasha

Juzi msomaji mmoja wa Mwanza, muuza vitenge, aliniandikia: "Kaka, hiyo Cloudflare niiweke au niachane nayo?" Cloudflare ni huduma inayokaa mbele ya tovuti yako, kuilinda na kuiongezea kasi. Nilimjibu mstari mmoja nikiwa kwenye daladala. Nilipofika nyumbani roho ikanisuta, maana jambo hili limewahi kunitoa machozi.

Nina duka la mtandaoni la vifaa vya shule. Januari ndiyo mavuno yetu. Mwaka ule, Jumamosi moja ya Januari, boti, yaani programu zinazojifanya wageni, zilivamia ukurasa wa kuingilia hadi seva, kompyuta inayobeba tovuti, ikazidiwa. Kampuni iliyokuwa ikinihifadhia tovuti haikunipigia hata simu. Walizima akaunti, wakatuma barua pepe ya mistari miwili. Siku tatu wazazi wanafungua duka, hawakuti kitu. Mpaka leo linaniuma.

Nilihamia kwingine, nikaweka Cloudflare mbele. Ukiiwasha, jina la tovuti yako haliwaelekezi wageni kwenye seva yako tena, linawaelekeza kwa Cloudflare. Wao wanapokea wageni, wanawachuja, na picha wanazihifadhi karibu na wateja. Wana vituo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kwa hiyo mara nyingi mteja wa Temeke hasubiri picha itoke Ulaya iliko seva yangu. Cheti cha SSL, kinachosimba mawasiliano ili wapitaji wasiyasome, bure; kinga ya mashambulizi ya mafuriko ya wageni bandia bure. Januari iliyofuata duka halikuyumba, na kazi yote niliifanya kwa mikono yangu.

Nikalewa kasi. Kwa kawaida wanahifadhi picha na faili zisizobadilika, kurasa zenyewe hawazigusi. Mimi nikaweka kanuni ya kuhifadhi kila kitu. Jioni mama mmoja wa Morogoro akapiga: "Mwanangu, mbona kikapu changu kina jina la mtu mwingine na namba yake ya simu?" Nikafungua. Daftari kumi na mbili, sare mbili, jina la mteja nisiyemjua. Ukurasa wa mtu mmoja ulikuwa umehifadhiwa, ukapewa mwingine. Nilifuta kashe, yaani nakala zilizohifadhiwa, nikaondoa kanuni, nikawapigia wateja mmoja mmoja kuomba radhi. Kosa lilikuwa langu peke yangu.

Ndugu zangu, taarifa za mteja ni amana. Jueni pia kwamba Cloudflare hufungua usimbaji ili wakague, kwa hiyo hata nywila ya mteja inapita mikononi mwao. Na msichague SSL inayoishia kwao tu: mteja ataona kufuli, huku kipande cha kwenda kwenye seva kinapita wazi. Ficheni IP ya seva, yaani anwani yake ya namba mtandaoni. Yangu ilivujia kwenye rekodi ya barua pepe, boti zikapita mlango wa nyuma.

Kisha kuna kuegemea nguzo moja. Tarehe 18 Novemba 2025, saa nane mchana na dakika kadhaa kwa saa zetu, faili ya mfumo wao wa kutambua boti ilivimba kupita kiasi, na tovuti nyingi duniani, X na ChatGPT zikiwamo, zikaanza kutoa kurasa za hitilafu. Hapakuwa na shambulio lolote. Ndiyo maana nywila ya mahali niliposajili jina la tovuti ninayo mwenyewe daima, ili wakikwama niweze kulielekeza jina kwingine.

Dada wa Mwanza, weka. Kiwashe kile kiwingu cha chungwa, alama ya kuiwasha Cloudflare kwenye mipangilio yao, usiku, wateja wamelala. Kisha chukua simu mbili, muingie kwa majina mawili tofauti, kila mmoja atie kitenge chake kikapuni, mtazame kama majina hayajachanganyika.