Kichujio cha barua taka kinaponyimwa ruhusa: maswali na majibu

*Fundi, seva ya kiwanda chetu cha samaki hapa Igogo inatumia SpamAssassin (programu ya kuchuja barua pepe taka), kumbukumbu za Bayes (sehemu yake inayojifunza kutofautisha taka na halali) tumeziweka folda moja kwa wote. Tangu niifundishe kwa amri ya sa-learn, logi (faili la kumbukumbu za matukio) imejaa "Permission denied", yaani kunyimwa ruhusa.*

Bila shaka uliifundisha ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa seva. Faili analoliunda root huwa la root, na spamd, sehemu ya SpamAssassin inayochuja barua kwa jina la mtumiaji mwingine, haiwezi kuliandika. Piga `ls -l` kwenye folda hiyo: ukiona `-rw------- root root` mbele ya bayes_toks au bayes_seen (faili za kumbukumbu za Bayes), umempata mchawi. Simamisha spamd, tumia `chown -R` kurudisha umiliki kwa mtumiaji anayeendesha spamd (mfano debian-spamd kwenye Debian), kisha uiwashe. Kuanzia hapo fundisha kwa `sudo -u debian-spamd sa-learn`, vinginevyo wiki ijayo utarudi palepale. Kumbuka pia kuwa Bayes haianzi kutoa alama mpaka ijifunze barua taka 200 na barua halali 200. Usizipuuze hizo halali: oda ya minofu ya sangara ikizama kwenye taka, mnunuzi hatakusubiri.

*Mwenzangu kanishauri chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mtu), mambo yaishe. Niko chuoni, Nyegezi.*

Usifanye hivyo, tafadhali. Kila mwenye akaunti kwenye seva hiyo ataweza kufuta kumbukumbu au kukifundisha kichujio uongo. Tatizo ni umiliki, rekebisha umiliki.

*Huku Nansio faili lina mwenyewe sahihi, lakini bado linakataa.*

Panda juu, kagua folda zilizolibeba. Folda moja tu ikikosa `x` (ruhusa ya kupita) kwa mtumiaji anayeendesha spamd, njia imekatika hata kama faili lenyewe halina kasoro. `namei -l` ikifuatiwa na njia nzima ya faili itakuonyesha ruhusa za kila ngazi. Zote zikiwa sawa na seva ina SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux unaotumia lebo za faili), tazama lebo kwa `ls -Z`. Faili lililohamishwa kwa `mv` kutoka /root huja na lebo ya kule, na `restorecon` huirekebisha.

*Logi inasema "falling back to nobody". Ndiyo nini? Bukoba.*

Spamc, programu inayoikabidhi spamd barua za kuchuja, imeitwa na root. Spamd haikubali kuchuja kama root, hivyo inashuka hadi nobody, mtumiaji asiye na mamlaka, ambaye hana folda ya nyumbani ya kuandikia. Tengeneza mtumiaji maalumu, umtaje kwa `-u` unapowasha spamd.