Maswali ya Wasomaji: Matenga Manne, Risiti Mbili

SWALI: Ndugu Mshauri, assalamu alaykum. Mimi ni kijana wa Ngamiani, hapa Tanga. Nimemwandikia tajiri mmoja anayenunua samaki karibu na soko la Deep Sea programu mbili zinazofanya kazi katika kompyuta moja: ya kwanza husoma uzito kwenye mizani, ya pili hutoa risiti ya mvuvi. Zinawasiliana kwa soketi, yaani njia ya programu moja kupitishia data kwa nyingine. Kila uzito hutumwa kama tarakimu tupu, na programu ya risiti husoma baiti 16 kwa mkupuo (kila tarakimu au nukta ni baiti moja). Siku za kawaida hapana neno. Jumamosi asubuhi madau yaliingia kwa pamoja, na wakati nabadilisha karatasi ya printa wenzangu wakapima matenga manne: kilo 48.5, 52.1, 12.75 na 18.3. Zikatoka risiti mbili tu, moja ya kilo 48.552 na nyingine ya kilo 3. Kuna siku nyingine, mambo yakiwa ya haraka, mvuvi mmoja hupata risiti mbili za tenga moja. Rafiki yangu anasema niachane na soketi, nitumie kumbukumbu ya pamoja, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo programu zote mbili huisoma na kuiandikia, kwa kuwa ina kasi zaidi. Nifanye nini?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kuandika tarakimu zenyewe, maana ndizo zilizofichua kisa chote.

Wakati ukibadilisha karatasi, programu ya risiti ilikuwa imesimama ikiisubiri printa, na mfumo endeshi ukaendelea kuzipokea tarakimu za mizani na kuzipanga moja nyuma ya nyingine, hivi: 48.552.112.7518.3. Hizo ni baiti 17. Programu yako ilipozinduka ikachota baiti 16 kama ulivyoiagiza, yaani 48.552.112.7518. pamoja na ile nukta ya mwisho, kisha ikajaribu kuzigeuza kuwa namba. Kanuni nyingi za kugeuza maandishi kuwa namba husoma hadi pale maandishi yanapoacha kuwa na maana ya namba, na namba haiwezi kuwa na nukta mbili. Kwa hiyo ikaishia kwenye 48.552 na kuyatupa yaliyobaki. Baiti moja iliyosalia, ile 3 ya mwisho, ilisomwa mkupuo uliofuata, ikawa risiti ya tenga la kilo 3 ambalo halikuwahi kushuka kwenye dau lolote.

Soketi haina kosa hapo. Soketi ya mkondo, inayopitisha baiti mfululizo kama yako, huahidi kufikisha baiti zote kwa mpangilio uliozituma. Haiahidi kukumbuka kwamba ulizituma kwa mafungu manne. Mabomba ya mfumo endeshi wa Unix, yanayopitisha data kati ya programu na yaliyoanza kutumika mwaka 1973, yana tabia hiyo hiyo, na jina lake linajieleza: ukimimina ndoo mbili za maji kwenye bomba moja, upande wa pili hukuti ndoo, unakuta maji. Mipaka ya ujumbe ni kazi ya anayesanifu kiolesura, yaani mahali programu mbili zinapokutana, na wewe uliiacha bila mwenyewe.

Njia za kuweka mipaka ni kadhaa. Unaweza kutanguliza urefu wa kila ujumbe, kwa mfano katika baiti 4, na hiyo ndiyo njia ifaayo ukituma picha au data yoyote isiyo maandishi. Kwa mizani ningechagua njia nyepesi zaidi: kila ujumbe uwe mstari mmoja wa maandishi unaoishia na alama ya mstari mpya. Faida yake utaiona siku ya matatizo, kwa kuwa utaweza kufungua faili la kumbukumbu za mawasiliano na kuzisoma kwa macho. Sharti ni kwamba programu inayosoma ijaze baiti zote inazochota katika akiba yake, itoe humo mistari iliyokamilika, na kipande kisicho na mwisho ikiache humo humo mpaka sehemu yake iliyobaki iwasili. Isidhani kamwe kwamba mkupuo mmoja ni ujumbe mmoja.

Ukishapata mstari, amua uwe na nini ndani. Mimi ningeandika hivi:

1 PIMA 207 48500

Namba 1 ya mwanzo ni toleo la makubaliano kati ya programu hizo mbili, ili mwakani ukiongeza jina la mvuvi, programu ya zamani itambue kwamba haielewi na ikatae waziwazi badala ya kubahatisha. PIMA ni jambo linaloombwa. Namba 207 ni ya upimaji huo peke yake. Uzito uko katika gramu, namba kamili, hivyo suala la nukta au mkato linaondoka lote.

Hiyo 207 ndiyo dawa ya risiti mbili. Nahisi programu yako ya mizani hutuma upya isipojibiwa kwa muda fulani. Ni haki yake, lakini kimya hakimwambii mtumaji kama ombi ndilo lililopotea, au kazi imefanyika na jibu ndilo lililochelewa. Kwa hiyo anayerudia arudie kwa namba ile ile, na mpokeaji aandike kwenye diski kila namba aliyoishughulikia. Akiiona tena ajibu 1 SAWA 207 bila kuchapa chochote. Mtumaji naye ahifadhi namba ya mwisho kwenye diski, la sivyo umeme ukikatika ataanza tena kuhesabu kutoka 1 na upimaji mpya utadhaniwa wa zamani.

Swali gumu ni lipi litangulie, kuandika namba au kuchapa. Ukichapa kwanza na umeme ukakatika, risiti itarudiwa. Ukiandika kwanza, huenda isitoke kabisa. Kwa kuwa risiti ni fedha, ningeandika kwanza, kisha nikaweka amri ya kuchapa upya kwa mkono, na karatasi hiyo ibebe neno NAKALA.

Kuhusu kumbukumbu ya pamoja, rafiki yako amesema kweli juu ya kasi, lakini tenga moja huchukua sekunde kadhaa kutulia kwenye mizani. Ungejitwisha kazi ya kufuli za kuzuia programu mbili zisigusane, pamoja na balaa la programu kufa ikiwa imeshika kufuli, kwa faida ambayo hakuna mvuvi atakayeiona. Tena siku tajiri akitaka printa ihamie kompyuta nyingine, kumbukumbu hiyo haivuki. Baki na soketi. Hakikisha tu kwamba kwa sasa inasikiliza kwenye anwani 127.0.0.1, ambayo hufikiwa na programu za kompyuta hiyo hiyo tu, ili mwenye simu kwenye Wi-Fi ya hapo asije akatuma uzito wake.

Kabla ya kurudi kwa tajiri, ilaze programu ya risiti kwa sekunde 30, tuma zile tarakimu nne za Jumamosi, kisha hesabu karatasi. Rudia, na safari hii izime katikati ya risiti ya pili.