Swali la mgeni lilimkuta kaka yangu uwanjani

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: katika tamthilia, mgeni anayeingia na kumbana mhusika kuhusu mwenendo wake, humbadilisha kweli au humwumbua tu? Mkatolea mfano An Inspector Calls ya J. B. Priestley.

Jibu lililonijia kwanza ni hapana, hambadilishi. Humtikisa, kisha mtikisiko unapoa. Mtazameni mzee Birling, mwenye kiwanda katika tamthilia hiyo. Mgeni anayejiita inspekta wa polisi anamhoji mbele ya familia yake kuhusu kifo cha binti ambaye Birling alimfukuza kiwandani, lakini akishaamini kwamba mgeni yule hakuwa inspekta wa kweli, anarudia bashasha yake kana kwamba hakuna aliyekufa. Wanaobaki wameguswa ni Sheila na Eric, wanawe, ambao bado hawajajijengea jina la kulilinda.

Lakini swali lenu limenigusa kwa sababu nyingine. Mimi nimemwona mgeni akimuuliza mhusika, na aliyeguswa akawa mwigizaji.

Ilikuwa Busia, upande wetu wa Uganda, mwaka 1998, mwaka ambao Sheria ya Ardhi ilipitishwa na kila mtu alikuwa akizungumzia mashamba. Kikundi chetu cha vijana kilikuwa na mchezo kuhusu mjane aliyenyang'anywa shamba la mihogo na shemeji yake. Jukwaa hatukuwa nalo. Tulichezea kando ya soko, watu wamekaa juu ya magunia, vijana wa boda boda wameegemea baiskeli zao. Shemeji aliigizwa na kaka yangu mkubwa. Alivaa koti la marehemu baba, akashika bakora, na alipotamka "ardhi ni ya ukoo" akina mama walimzomea hadi akangoja watulie.

Wasichokijua ni kwamba nyumbani kwetu shamba la namna hiyo lilikuwepo. Ndugu yetu wa katikati alikuwa amefariki, mkewe amerudi kwao Funyula, upande wa Kenya, na watoto watatu, na kaka ndiye aliyekuwa akililima. Sisi tulijua. Tulinyamaza.

Basi akasimama dereva mmoja wa lori, mtu wa Pwani, aliyekuwa akisubiri karatasi zake za forodha. Kikombe cha chai bado kiko mkononi. Akasema kwa upole kabisa, "Samahani, mzee wangu. Hao watoto wa marehemu, leo usiku wanakula nini?"

Watu wakacheka, wakadhani ni sehemu ya mchezo. Mimi nilikuwa nyuma ya shuka na daftari, kazi yangu kuwakumbusha waigizaji maneno. Nikamnong'oneza kaka mstari uliofuata: "Wana mama yao." Alinisikia, maana aligeuza kichwa. Hakusema. Alikuwa akiizungusha ile bakora mkononi, anaitazama ncha yake yenye matope, na mdomo umeachama kidogo. Nikanong'ona tena. Vicheko vikaanza kukatika kimoja kimoja. Mwishowe akakaa kwenye kigoda cha mjane, na dada aliyeigiza mjane akabaki amesimama, hajui aende wapi. Dereva akaona ameharibu kitu. "Niwieni radhi, endeleeni," akasema, akaketi. Jioni ile lori lake likaondoka, wala hatukumwona tena.

Kabla ya mvua za vuli kaka alivuka mpaka na gunia la mahindi, akarudi na shemeji yetu pamoja na watoto. Shamba akawarudishia.

Kwa hiyo nikiendelea kuandika naona jibu langu la mwanzo halisimami. Alibadilika. Labda kwa sababu dereva hakutaka chochote kwake. Laiti ningeuliza mimi, angeniambia nataka kulima mwenyewe. Labda pia swali lile alikuwa ameshaanza kujiuliza usiku, akawa anangoja mtu wa kulitamka. Bila hilo sidhani kama dereva angefaa kitu.

Ila nisiwafiche. Miaka michache baadaye viwanja vya kando ya barabara vilipopanda bei, kaka aliumega tena ukanda wa shamba lile unaopakana na lami, akajenga vibanda viwili vya kupangisha. Watoto wamekua, wanapita hapo kila siku. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, na mpaka leo sijamuuliza.