Nilihamia Pemba kutafuta kimya: ya kuangalia kabla hujafunga mizigo, ikiwa wewe ni mtu mzima mwenye usonji

Usiku wangu wa kwanza Wete, mji wa kisiwa cha Pemba, Zanzibar, nililia. Nilikuwa nimeikimbia Mombasa kwa sababu ya makelele, nimelipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na saa nane za usiku mtoto mchanga akaanza kulia juu ya paa. Akalia, akanyamaza, akalia tena vilevile. Nilijifunika mto kichwani mpaka alfajiri. Asubuhi mama mwenye nyumba aliponiuliza nimeamkaje, badala ya kumjibu nikamuuliza yule mtoto ni wa nani.

"Mwanangu, yule si mtoto, yule komba," akaniambia. "Yumo kwenye mwembe. Hupita kila usiku, akenda na akirudi."

Kila usiku. Maneno hayo mawili yalinituliza kuliko kidonge chochote nilichowahi kumeza. Usiku wa pili nilimngoja. Akaja, akalia, akapita, nami nikalala.

Nimeanza na komba kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo ningependa kuambiwa kabla sijahama. Nina miaka 36. Nilithibitishwa kuwa na usonji (autism) nikiwa na miaka 31, baada ya utu uzima wangu wote kuitwa mwenye maringo, mwenye hasira, mtoto wa kudekezwa. Daktari alinieleza kwamba mambo ya masikio, pua na ngozi, yaani sauti, harufu na mguso kumzidi mtu, yaliingizwa rasmi kwenye vigezo vya mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 tu. Ndiyo maana wengi wa rika langu tulikua bila mtu kujua tuna nini. Mimi nikaelewa kuwa dawa yangu ni kimya. Nikaanza kutafuta kisiwa.

Nilikosea kidogo. Sauti kubwa peke yake hainivunji. Adhana ya alfajiri ni kubwa, spika iko nyumba ya tatu kutoka kwangu, na hainisumbui hata chembe, kwa sababu naijua saa yake. Kilichokuwa kinanimaliza Mombasa ni feri ya Likoni saa za watu kwenda kazini, matatu inayofungulia muziki ghafla ubavuni mwako, honi ya tuktuk nyuma ya kisogo. Sauti ambazo hujui zitakuja lini. Mwili unakaa macho mchana kutwa ukizingoja, na ukirudi nyumbani huna hata nguvu ya kuvua viatu. Kwa hiyo nikiulizwa na mwenzangu mwenye usonji kama ahamie mahali patulivu, humwambia aulize swali lingine: je, mahali hapo, kesho inafanana na leo?

Na hilo huwezi kulijua kwa kutembelea wiki moja. Mimi nilikuja kuangalia mwezi wa Januari, jua kali, barabara kavu, nikapenda kila kitu. Nikahamia mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Nyumba niliyoichukua ilikuwa ya bati tupu, haina dari. Sijui kama msomaji amewahi kukaa chini ya bati mvua ya Pemba inaposhuka. Haianzi kwa matone. Kwanza unasikia inakuja kwa mbali juu ya migomba, kama lori linamwaga kokoto, kisha iko juu yako, na huwezi kusikia hata pumzi yako mwenyewe. Siku ya kwanza niliingia chini ya kitanda na blanketi. Nilikaa humo mpaka ikaisha, na ilipoisha sikuweza kusema neno mpaka magharibi. Fundi alikuja kupiga dari wiki ya tatu, kwa gharama yangu, na mama mwenye nyumba akakata kwenye kodi. Sasa mvua naisikia kwa mbali, na kusema kweli nimeanza kuipenda.

Basi ukienda kuangalia nyumba, inua macho kwanza. Kisha uliza kama duka lililo karibu lina jenereta, na liko upande gani wa chumba cha kulala. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu mwaka 2010, na siku nyingi uko vizuri. Ila siku ukikatika, jenereta ndilo litakalokuwa jirani yako. Rudi uitazame nyumba hiyohiyo usiku. Rudi tena siku ya mvua. Kama huwezi kuja misimu miwili, usilipe zaidi ya mwezi mmoja au miwili, hata wakikupunguzia bei.

Halafu kuna pua. Watu wanasema Pemba inanukia karafuu, wanalisema kama sifa, na ni sifa. Lakini msimu wa kuchuma ukifika, karafuu huanikwa majamvini kila penye jua: uani, barazani, pembezoni mwa barabara, na harufu inakaa mpaka kwenye nguo ulizofua jana. Kwa mtu ambaye harufu humwingia kichwani kama msumari, ni wiki kadhaa za kujipanga. Mimi huhamishia matembezi yangu alfajiri kabla hawajaanika, na mkobani nina kipande cha kanga ya zamani, iliyofuliwa kwa sabuni isiyo na manukato, cha kuweka puani. Doriani zikianza kuuzwa sokoni, siendi soko kabisa. Namwagiza mtoto wa jirani.

Sasa nije kwenye watu, maana hapo ndipo nilipoogopa zaidi na ndipo nilipopata faraja ambayo sikuitarajia.

Maisha yangu yote salamu zilinitesa. Mtu akiniuliza "habari yako?" nilikuwa naitafuta habari yangu kweli, naipima, na nikifungua kinywa mwenyewe keshapita. Huku salamu ni ndefu kuliko za mjini, na nilidhani zitaniua. Umeamkaje? Salama. Za nyumbani? Nzuri. Watoto hawajambo? Hawajambo. Sina watoto, na jibu ni hilohilo: hawajambo, maana hata wa dada yangu ni wangu. Baada ya mwezi nikagundua kuwa maneno hayabadiliki. Kila mtu ana zamu yake, kila swali lina jibu lake, na ukimaliza kusalimiana umeshatimiza haki ya mwenzio, unaweza kwenda zako. Hakuna anayetaka utunge kitu. Zikariri kama ulivyokariri sura fupi za Kurani chuoni, uzitoe kwa sauti ya kusikika, na mkubwa kwako umpe shikamoo yake kabla ya yote. Na macho, ambayo Nairobi nilifundishwa kwa nguvu niyakazie kwa watu kwenye usaili wa kazi, huku mbele ya mtu mzima ukiyainamisha unaonekana una adabu. Niliposikia bibi mmoja ananisifia kwa hilo nilirudi nyumbani nikakaa kitako nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Kitu cha pili ni hodi. Dini imetufundisha kwamba mtu akibisha hodi mara 3 asiitikiwe, arudi alikotoka bila kinyongo. Mombasa pia tunalijua, lakini kwa nini sikuwahi kulitumia? Huku nilimwendea mama mwenye nyumba, nikiwa nimeyaandika maneno yangu kwenye karatasi kwa sababu mbele ya mtu hunipotea, nikamsomea: "Mama, kichwa changu huchoka na sauti na mazungumzo kuliko vichwa vya watu wengine. Nimezaliwa hivyo. Ukiona dirisha la barazani nimelifunga, sijanuna wala siumwi. Ninapumzika."

Alinyamaza kidogo. Akaniuliza, "Na likiwa wazi?"

"Likiwa wazi karibu."

"Basi," akasema. Kesho yake nilifunga dirisha mpaka alasiri. Nilipolifungua tu, nikamsikia upande wa pili wa ua anamwambia mjukuu wake, "Haya, mpelekee shangazi yako mikate yake ya vibibi, kafungua." Wiki mbili baadaye mtaa mzima unajua habari ya dirisha. Sikuwahi kulitaja neno usonji kwao siku hizo za mwanzo, na nashauri hivyohivyo. Neno lenyewe kwa wengi bado ni geni, na wanaolijua wanalijua kwa watoto wadogo. Waeleze wanachokiona na unachotaka wafanye. Jina la hali yenyewe lifuate baadaye, kwa anayeuliza.

Wapo watakaosema una shetani. Niliambiwa mara 2, na mara zote kwa huruma. Mmoja alijitolea kunipeleka kwa mganga kwa nauli yake. Inauma, sitaficha. Nilimshukuru, nikamwambia nina daktari wangu na hali hii si ugonjwa wa kutolewa. Hakulirudia tena, na hadi leo tunasalimiana vizuri.

Shughuli hukwepi. Harusi, hitima, msiba: usipoonekana, watu wanaandika moyoni. Nilichojifunza ni kwenda mapema na kuomba kazi. Mwanamke anayekaa kitako ukumbini ataulizwa ametoka wapi, mume yuko wapi, kwa nini yuko peke yake. Mwanamke aliyeko uani juu ya mbuzi anakuna nazi haulizwi kitu. Nakuna nazi 20, 30, mkono unazunguka palepale, nazi iliyokunwa inashuka kwenye sinia kwa sauti moja isiyobadilika, na nimekuwepo, nimeonekana, nimesaidia. Ngoma zikikaribia kuanza, naaga. Msibani naenda asubuhi na kilo za sukari, nachambua mchele, naondoka kabla uwanja haujajaa. Wanaume sijui wanafanyaje, lakini nimeona kuna wanaochimba, wanaobeba maji, wanaopanga viti. Tafuta kazi yako.

Upande mbaya wa haya yote ni kwamba huwezi kupita bila kuonekana. Pemba ina watu zaidi ya laki 5 kwenye kisiwa ambacho urefu wake haufiki hata kilomita 70. Si mahali patupu. Ukipita barazani kimya kwa sababu siku hiyo umeishiwa maneno, utasikia umejidai. Kama wewe raha yako ni kutojulikana na yeyote, mji mkubwa wenye nyumba ya ghorofa na mlango mzito unaweza kukufaa kuliko kijiji chochote cha pwani. Nasema kwa dhati, usione aibu kulichagua hilo.

Makaratasi nitayapitia haraka. Sisi Wakenya hatuhitaji viza kuingia Tanzania, lakini pasi ya kuingilia ni ya kutembea, si ya kuhamia. Kibali cha ukaazi kina madaraja: A ni ya wenye mtaji na shughuli zao, B ya walioajiriwa, C ya wengine kama wanafunzi na watafiti. Kibali cha kazi ni jambo lake peke yake. Beba cheti cha homa ya manjano, maana mpakani Horohoro utaulizwa. Ukifika unakohamia, siku za mwanzoni kabisa nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa) yako, ujitambulishe, kwa sababu barua yake utaihitaji mahali pengi, na kwa sababu ni mtu atakayekutetea watu wakianza kuuliza huyu mgeni mkimya ni nani. Foleni za ofisi nilizikabili kwa kwenda siku moja kabla, bila karatasi, kutazama tu: mlango uko wapi, wanaanza saa ngapi, kiti cha pembeni kipi. Kesho yake naingia mahali ninapopajua. Hata hivyo, kwenye ofisi moja nilitumwa dirisha hili na lile mara 4 nikazima kabisa, sauti ikagoma. Karatasi yangu yenye mistari 3, "Naweza kusikia. Siwezi kuzungumza kwa sasa. Tafadhali niandikie," ndiyo iliyoniokoa. Tengeneza ya kwako kabla ya kuondoka nyumbani.

Daktari nilimwacha Mombasa, tunaonana kwa simu ya picha kila mwezi. Kama unatumia dawa za usingizi au za wasiwasi, njoo nazo za kutosha pamoja na barua inayozitaja, na uulize mapema zinapatikana wapi. Hospitali ya magonjwa ya akili, Kidongo Chekundu, iko Unguja, na kutoka Pemba hiyo ni safari ya bahari au ndege. Usingoje uwe umezidiwa ndipo uanze kuitafuta njia.

La mwisho ni pesa ya kurudi. Chumba changu cha kwa mama, Mombasa, hakijapewa mtu; tulikubaliana kwa mwaka 1, kisha tukaongeza mwingine. Nauli ya Wete mpaka Mombasa nimeiweka kwenye bahasha, imetimia, shilingi za Tanzania na za Kenya kila moja upande wake, kwa sababu najua nikizidiwa sitaweza kuanza kutafuta pa kubadilishia fedha. Kila Ramadhani ikikaribia naitoa, nahesabu, naongeza pale nauli zilipopanda, naifunga tena.